Kitambaa cha Mlangoni

Mtaalamu wetu wa watoto wenye usonji, kwenye kituo chetu hapa Matsuyama, Japani, hatembei bila kitambaa chenye maji. Mtoto akikataa kuvua viatu mlangoni, yeye hupiga magoti na kumfuta soli, moja kisha nyingine, bila haraka, halafu humwacha apite na viatu vyake juu ya mikeka. Akina mama huinama wakiomba radhi. "Inuka, mama," huwaambia, kwa sauti kavu kama ya muuza samaki anayetaja bei. "Humu hatuombi radhi kwa ajili ya watoto." Kazi hii aliisomea ukubwani, baada ya kumlea wa kwake, ambaye viatu havivui mpaka leo. Juzi jioni huyo mwanawe, jitu zima lenye ndevu, alikuja kumchukua, akapita moja kwa moja na matope yake kwenye mikeka niliyotoka kuifuta. Sijasema neno, mama mtu ameshainama mbele yangu, mimi mfagiaji. "Samahani sana. Nisamehe." Bi Nagase, aliyekuwa akimvalisha bintiye koti, aligeuka. "Mwalimu, si ulisema humu hatuombi radhi?" Mtaalamu alibaki vilevile ameinama, kitambaa mkononi. "Nimesoma mimi, mama," akasema. "Mgongo bado."