Tangazo la Divin

Elsa alikuwa mtu wa kompyuta, na kazi yake ilikuwa vifo. Alipenda kujitambulisha hivyo kwa watu wapya, kisha akafurahia kuwaona wakirudi nyuma hatua moja. Katika ofisi ndogo ya Mutanga Sud, juu ya duka la dawa, yeye na bosi wake Sylvère waliendesha tovuti ya matangazo ya vifo. Familia ilileta jina la marehemu, mahali pa kilio, siku ya mazishi, na baadaye siku ya kuanua matanga. Programu ikatuma ujumbe kwenye simu za ndugu na jamaa. Bujumbura mtu hazikwi kimyakimya, kwa hiyo kazi haikukosekana. Programu hiyo Elsa aliiandika mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Aliianzia nyumbani kwao Gihosha, mdogo wake Divin akiwa amekaa pembeni anakula karanga. Programu changa haijaribiwi kwa habari za watu wa kweli. Hutengewa hifadhidata ya majaribio, mahali pa kuchezea, na Elsa alihitaji marehemu wa uongo wa kuweka humo. Divin akajitolea. Akaivuta kompyuta magotini kwake, akaandika: “Familia ya Mama Elsa, Gihosha, inawatangazia kwa huzuni kifo cha mtoto wao Divin. Alipenda samaki wa mukeke, wa kuchoma. Alikuwa na viatu vizuri, na visigawiwe mtu.” Halafu akajaza namba za simu za mama yao, Elsa mwenyewe, shangazi zao, majirani na marafiki zake, ili orodha ionekane ya familia kubwa. Walicheka mpaka mama yao, Jovithe, akawafokea kutoka jikoni kwamba kifo hakichezewi.

Mwaka uliofuata Divin alivuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira, upande wa Kongo, kutafuta vipuri vya magari. Alipiga simu mara moja, akasema anapanda kwenda Bukavu, na baada ya hapo simu ikazimika. Haikuwaka tena. Walimuuliza kila dereva wa njia ile, walipeleka picha, walilipa watu waliodai wamemwona. Sasa ni miaka sita.

Mama Jovithe alikataa matanga. Padri alikuja, shangazi walikuja, wote akawajibu kwamba hajaona maiti. Ndani ya nyumba yake hakuna aliyeruhusiwa kusema Divin “alipenda” kitu. Ilikuwa “anapenda”, na aliyeteleza ulimi aliondoka bila kupewa chai. Majirani, ambao si wajinga, wakajifunza kupita mbele ya lango lake wakiangalia chini.

Na Elsa je? Elsa hakuifuta hifadhidata ya majaribio. Sylvère alimwambia mara nyingi aisafishe, naye akaitikia na asifanye. Siku nyingine, ofisi ikiwa tulivu, aliifungua na kulikuta lile tangazo peke yake kwenye ukurasa, limeandikwa pembeni yake kwamba linasubiri kutumwa. Alilisoma polepole. Sauti ya Divin ilikuwa imebaki humo kuliko hata kwenye picha, na alipofunga ukurasa aliona kama amemfungia mtu mlango. Aliogopa kulifuta, na aliogopa kuliacha, basi likabaki.

Mwaka huu Sylvère akaamua tovuti ihamie kwenye kontena. Si yale makontena ya chuma ya bandarini. Hili ni kisanduku ambamo programu hufungwa na vifaa vyake vyote, kikahamishwa kutoka seva hii kwenda nyingine bila kuharibika. Vitu vya siri tu ndivyo havifungwi humo: anwani ya hifadhidata na nywila zote. Hivyo kontena huambiwa kando, kila linapowashwa. Na Elsa, zamani zile za kuchezea, aliiandikia programu yake njia ya dharura: ikikosa kuambiwa anwani, iende kwenye hifadhidata ya majaribio. Kama mtoto aliyetumwa bila kuelekezwa nyumba, ataenda kwenye ile anayoijua.

Alichagua Jumamosi asubuhi, mji ukiwa kimya, watu wakiwa kwenye kazi za jumuiya. Programu ilisubiri neno la Kifaransa, ADRESSE_BASE, lenye D moja pale mwanzoni. Elsa alikuwa ameshinda wiki nzima akisoma maelekezo ya Kiingereza, na Kiingereza huliandika neno hilo kwa D mbili. Vidole vyake vikaandika D mbili. Nywila ya kutuma ujumbe wa simu, ambayo majaribio hayakuwahi kupewa, aliiandika sawasawa. Kontena likawaka bila kulalamika, Elsa akajipongeza, akaenda kununua mandazi.

Alikuwa bado barabarani simu yake ilipotetemeka. Akasoma kwamba familia ya Mama Elsa, Gihosha, inatangaza kwa huzuni kifo cha mtoto wao Divin.

Akakaa palepale ukingoni mwa mtaro. Kwa kitambo kifupi aliamini. Habari imefika, alifikiri, wamempata. Ndipo macho yake yakafika kwenye mukeke na viatu, na hofu iliyomshika hapo ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu aliyekuwa anaongea na watu wote hao kwenye simu zao alikuwa Divin mwenyewe.

Alirudi ofisini mbio. Akaliona kosa, akaiondoa D moja. Akafuta pia ile njia ya dharura, ili kuanzia leo programu isiyojua pa kwenda ikatae kabisa kuwaka; afadhali ife kuliko kubahatisha. Sylvère, aliyekwishapigiwa simu na nusu ya mji, akamtaka atume masahihisho upesi. Elsa akayaandika, lakini hakuyatuma. Namba ya mama ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ile, na jambo hili halikuwa la kumwambia kwa ujumbe. Akachukua kompyuta yake, akapanda teksi.

Gihosha alikuta turubai limeshafungwa na viti vimejaa. Khadidja, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miaka sita alikuwa akisalimia kwa mbali, ameketi kwenye mkeka amemshika Mama Jovithe mkono. Mama alikuwa na kitenge begani, anaongea na watu kwa sauti ya chini. Elsa akamsikia akiwaambia kwamba Divin alipenda kulala sana.

Akamwomba waingie chumbani. Akafunga mlango, akaanza kulia kabla ya kusema.

“Mama, ni mashine. Ni mi nilikosea. Hakuna habari yoyote imetoka Kongo, hakuna mutu amemuona. Nitabaambia batu barudi kwabo.”

Mama yake akakaa kitandani. Hakuonekana kushangaa hata kidogo.

“We unafikiri mi sijui? Ile ya viatu aliandika yeye mwenyewe. Nilikuwa jikoni, nilibasikia munacheka.”

Elsa akamuuliza, kama alijua, kwa nini hakuwarudisha watu pale langoni.

“Miaka sita banapita hapa banainamisha macho,” alisema mama. “Leo bamekaa. Mi nimechoka kumungojea peke yangu, mwanangu. Usibafukuze.”

Kisha akasema kuna ndugu wa Bukeye na wa Rumonge ambao hawakuwamo kwenye orodha ya mchezo. Alitaka tangazo lingine, la kweli, mahali panapoandikwa vifo vya watu wengine. Elsa akafungua kompyuta magotini. Masahihisho yalikuwa yanasubiri, akayafuta. Akajaza jina, akajaza Gihosha, akaongeza namba za ndugu wale juu ya zile za zamani. Programu ikagoma. Ilitaka siku ya kifo, na Elsa alijua isingekubali pawe patupu, maana sharti hilo aliliweka yeye mwenyewe.

“Inaomba siku alikufa,” alisema. “Mama, hatuna siku.”

Mama Jovithe akatazama dirishani, kwenye migongo ya watu waliokuja kukaa naye.

“Andika leo.”

Elsa akaandika leo, akabonyeza. Nje simu zikaanza kulia, moja baada ya nyingine chini ya turubai, na mama yake akapiga ukelele wa msiba kama mtu aliyepewa habari sasa hivi.