Nailoni ya Kuzuia Ukungu

Mimi ni fundi wa magari hapa Othaya, na nina ugonjwa mmoja: kitu kizuri lazima nikifunike. Redio yangu bado imo ndani ya karatasi yake ya nailoni, na viti vya nyumbani vivyo hivyo.

Juzi lori la Mama Wangeci, ambalo nilikuwa nimelifanyia sevisi papo hapo sokoni juma lililotangulia na lilikuwa halijawashwa tangu siku hiyo, lilikataa kuwaka likiwa limejaa kabeji. Nilipima nikaona kile kisanduku cha stima kinachopeleka moto kwa plagi hakifanyi kazi. Nikashangaa, maana kilikuwa safi kama kipya. Nikaagiza kingine kwa muuzaji wa vipuri wa mji wa Kiriaini, nikakifunga nailoni vizuri kisipate ukungu, nikakaza skrubu. Lori likanyamaza vilevile.

Nikamwita yule muuzaji, akaja, nikamfokea mbele ya soko zima. Yeye akainama tu, akachungulia.

“Fundi, hii nairon ni ya nini?”

“Ya kuzuia ukungu.”

“Hii kitu lazima iguse chuma ya gari, ndio stima ipate njia ya kurudi.”

Akaitoa nailoni, akakaza skrubu upya. Mama Wangeci akawasha, na lori likanguruma. Watu wakacheka, nami nikacheka nao nikidhani yameisha.

Kumbe Mama Wangeci alikuwa ameshuka, ameokota kile kisanduku cha zamani na anakigeuzageuza mkononi. Kilikuwa ndani ya nailoni, kimefungwa kwa fundo langu la siku ile ya sevisi.

“Na hii,” akaniuliza polepole, “ni nani aliivarisha?”