Uraka wa Mbali na Bomba

Mimi kununua najua. Shule nilisoma mpaka darasa la pili tu, kwa wamisheni kule Masasi, nikaacha kwa uvivu wangu mwenyewe, simsingizii mtu. Lakini nitume gulioni na hela kidogo, nitarudi na kitu ambacho utakaa unakigeuzageuza na kuniuliza mwenye kuuza alibakiwa na nini. Nalisema hili waziwazi na uzee wangu huu, kwa sababu mtu akinisifia kilimo ananidanganya, na akinisifia dini ananidanganya zaidi.

Aliyenifundisha ni mama yangu. Mama hakununua kitu kwa macho. Samaki mkavu alimbonyeza nyuma ya kichwa, halafu akamnusa pale alipobonyeza. Kiberiti alikitikisa sikioni, akasikiliza kama mtu anayesikiliza tumbo la mtoto. Khanga aliinyoosha juani, akalowesha ncha kwa mate, akaisugua kwenye kiganja, na rangi ikibaki kiganjani, khanga ilibaki kwa mwenye duka. Wahindi wa Masasi walimwogopa, ila walimpenda, maana akishanunua kwako basi wengine wote wanakuja. Nikitoka dukani na kitu kibaya aliniambia, "Umetoa hela." Nikileta kizuri alisema, "Umenunua." Hakuwa na sifa nyingine zaidi ya hiyo, na mimi nilikua nikiitafuta hiyo tu.

Sasa uraka. Kwa asiyekulia kusini, uraka ni pombe ya mabibo, lile tunda la mkorosho ambalo korosho inaning'inia chini yake. Mabibo yanatwangwa, yanakamuliwa, maji yake yanawekwa mtungini yachachuke. Leo ni kinywaji cha watoto, kesho ni cha watu wazima, keshokutwa na kuendelea ni cha wenye shida zao. Ni pombe rahisi, ya mtu asiye na kitu, na ndiyo maana ina ujanja mwingi. Masasi visima havikuwa mbali, na mkamuaji mwenye kisima karibu mkono wake mwepesi kuongeza ndoo. Kwa hiyo mama alikuwa na kipande cha marekani, kitambaa cheupe cha ukubwa wa kiganja, kakifunga kwenye pindo la khanga. Alichovya kidole mtungini, akadondosha tone kwenye kitambaa, akakianika juani huku anapiga soga. Bibo halisamehe nguo. Tone la uraka wenyewe linakauka likaacha doa la kahawia ambalo sabuni zote za dunia haziliwezi. Tone lenye maji linaacha kivuli tu, ukifua limekwenda. Ulimi unaweza kuudanganya kwa kuuzoesha. Kitambaa hakizoei.

Uhuru wenyewe ulikuja msimu wa mabibo. Wenzangu wakizungumzia siku ile wanataja bendera na ngoma. Mimi namkumbuka mama yangu akipita katikati ya watu wanaoimba, kitambaa mkononi, mtungi kwa mtungi. Wauzaji walijua siku kama hiyo hakuna mtu atakayepima, wakamimina maji bila haya. Alizunguka mpaka akaupata mtungi mmoja wa haki, nyuma ya nyumba ya fundi baiskeli. Sisi tulisherehekea uhuru na uraka mzito. Majirani walisherehekea na maji ya kusuuzia vyombo.

Nilipooa, nilioa Newala, upande wa Kitangari, na kwa desturi ya kule mwanamume ndiye anayehama. Mama akanifungia kile kitambaa kwenye mzigo wangu. Nikapanda uwanda wa Wamakonde, mimi Mmakua wa bondeni, kwenda kukaa kwa wakwe, na wote mnajua sisi na Wamakonde ni watani, kwa hiyo sikutegemea kupumzika.

Juu kule hapakuwa na maji. Mchanga mwekundu, mikorosho, mihogo, upepo mzuri, lakini maji yako chini mabondeni. Wanawake waliamka gizani, wakateremka kilima na mitungi, wakarudi jua limeshapanda. Uso tulinawa kwa kiganja kimoja, tena si kila siku. Mkwe wangu mwanamume alikuwa mtu mpole, ananichekea tangu siku ya kwanza. Mama mkwe alikuwa mama mkwe. Kwa desturi mimi na yeye hatukutazamana usoni wala hatukusemeshana. Alivaa ndonya, kile kigingi cha mti, kwenye mdomo wa juu kama akina mama wa zamani, na neno lake kwangu lilipitia kwa mke wangu, na langu kwake vilevile. Miaka ikapita sijui ananionaje.

Sherehe ya kwanza niliyoikuta pale, shemeji yangu mkubwa, kaka wa mke wangu, alikuwa amekamua uraka. Mimi kijana, nataka kuonyesha kwamba kwetu tumefundwa, nikatoa kitambaa mbele ya watu nikachovya kidole.

"Shemeji, unatafuta nini humo?" akaniuliza.

Nikamwambia natafuta maji.

"Hata sisi tunayatafuta. Ukiyaona tuite, tuje na ndoo."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na walikuwa na haki. Nani atie kwenye pombe maji ambayo mkewe kayapandisha kilima kichwani? Pale maji yalikuwa ghali kuliko uraka. Tangu siku hiyo nikaitwa Mtafuta Maji, na kitambaa cha mama yangu kikaingia chini ya sanduku.

Halafu ikaja Ujamaa, tukahamishwa. Kila mtu alibeba mlango wake na miti ya paa, tukaacha mahame yetu na makaburi yetu, tukapangwa mistari kijiji kipya kando ya barabara, na hapo kijijini palikuwa na bomba. Sitalisema vibaya lile bomba. Mke wangu siku ya kwanza alilala mpaka jua likamwangukia usoni, na mimi nikakaa mlangoni nikimtazama, sikumwamsha.

Lakini wakamuaji nao walihamia karibu na bomba. Msimu uliofuata uraka ukapoteza ukakasi, kule kukunjika kwa ulimi unakokupata kwenye bibo. Watu wakatafuta sababu. Wako waliosema mikorosho imenuna kwa kuachwa peke yake. Wengine wakasema ni moshi wa ndege za Mreno, maana vita ya Msumbiji ilikuwa inapiganwa ng'ambo ya Ruvuma, na siku nyingine tulisikia mingurumo mpaka kuku wakaacha kula. Mimi sababu niliijua. Nikanyamaza, maana nilishachekwa mara moja, na mara moja inatosha.

Ngoja niseme na habari ya mvinyo, nisije nikaisahau. Enzi zile duka la kijiji likipata sukari, haliuzi sukari peke yake. Ukitaka sukari uchukue na chupa ya mvinyo, uwe mlevi, uwe shehe, utajua mwenyewe. Kwenye foleni Waislamu wazuri walikuwa wanaishika ile chupa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Nikawa nawasubiri nje, naichukua kwao kwa bei ya huruma. Mvinyo niliudondosha kwenye shati langu bovu, rangi yake nzuri kama wino, nikafua, ukatoka wote. Nikaudharau tangu siku hiyo, ingawa niliunywa, sisemi sikuunywa. Nilichokuwa nanunua mimi ni chupa. Chupa nene, yenye kizibo, ya kutilia mafuta ya taa na asali. Wenzangu walinunua sukari wakapewa mvinyo, mimi nilinunua chupa nikapewa mvinyo. Baadhi ya chupa zile zipo mpaka leo.

Narudi. Mkwe wangu mwanamume akafariki. Tukamzika kule mahameni, kwenye ardhi yake. Mama mkwe akavaa kaniki, akalala chini kwenye mkeka kama desturi ya mjane, na ili kumaliza matanga tukangojea msimu wa mabibo, kwa sababu marehemu aliupenda uraka na mjane alitaka kummiminia kaburini kwa mkono wake. Mpaka atakapomimina, kaniki haivuliwi na mkekani haondoki. Alikuwa ameshazeeka. Kusimama alishikwa mikono pande mbili, na ile baridi ya chini ilikuwa inamla mifupa.

Shemeji mkubwa akanunua debe la uraka hapo hapo kijijini. Siku ya kwenda kaburini mama mkwe akapelekewa kwanza aonje. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napasua kuni, ukuta wa udongo hauzuii kitu, nikasikia anatema. Halafu akasema, taratibu kabisa:

"Maji nimembebea maisha yangu yote. Leo nikimpelekea maji tena, ataniuliza, mwanamke, wewe hujachoka?"

Akarudi kwenye mkeka.

Shemeji akajitetea kwamba uraka wote wa mwaka huo uko hivyo, mikorosho imezeeka. Akasema bora wangoje msimu ujao. Mabibo kweli yalikuwa yanakwisha, yaliyobaki chini ya miti yalikuwa ya nyuki. Lakini kila mtu aliyemwona yule mama akikalishwa na kulazwa alijua kwamba msimu ujao ni mbali. Mke wangu alitoka nje akasimama karibu yangu, akawa anaokota vipande vya kuni ambavyo havikuhitaji kuokotwa.

Nikamwambia, kamwambie mama uraka nitauleta mimi.

Nikafungua sanduku, nikatoa kitambaa. Shemeji akaniona.

"Mtafuta Maji leo anakwenda kutafuta pombe," akasema. "Haya jamani, dunia imegeuka."

Nikamwacha acheke. Kijijini nilipita kwa wakamuaji wote kwa ajili ya haki tu, nisije nikaambiwa sikupima. Vivuli vitupu. Nikajiuliza kama ambavyo mama yangu angejiuliza: nani hapa hana maji ya kuongeza? Siyo nani mwaminifu. Mtu mwaminifu huwezi kumtambua kwa uso, mimi nimeshauziwa jogoo mgonjwa na mtu aliyekuwa analia. Nani hana maji. Basi nikaligeuzia bomba mgongo, nikatembea kwenda ukingoni, pale uwanda unapokatika na bonde linaanza. Huko walikaa wakimbizi waliovuka Ruvuma, wanangojea kupangiwa viwanja. Watu wa kijijini hawakununua kwao. Walisema mgeni hujui anatia nini.

Nilimkuta mama mmoja, mkubwa kwangu, ana mitungi miwili chini ya mkorosho na mtungi wa maji umefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani jiwe. Lile jiwe nililipenda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kimakonde chake kilikuwa cha ng'ambo, lakini tulielewana. Nikatoa kitambaa changu, nikamweleza napima nini, nikijua nitachekwa kwa mara ya pili.

Hakucheka. Alitazama ule mtungi wake wenye jiwe.

"Baba, haya nayapandisha kilima kwa kichwa," akasema. "Nikiyatia humo, bei yake utaiweza?"

Nikadondosha tone. Tukakaa. Akanieleza habari za kwao, mikorosho aliyoiacha inadondosha mabibo hakuna wa kuokota, na kwamba pale ukingoni anapapenda kwa sababu hali ya hewa ikiwa nzuri anauona upande wa kwao. Jua likafanya kazi yake. Doa lilitoka kahawia iliyokolea, ukingo wake umekaza kama umechorwa. Nilionja baadaye, na ulimi ukakunjika nikamkumbuka mama yangu mpaka nikaona haya. Bei ilikuwa ileile ya kijijini. Sikuomba kupunguziwa, na kila anijuaye anajua kwamba kuomba kupunguziwa ndiyo ibada yangu.

Nilirudi na debe begani, njia yote ya mchanga, sikulishusha. Hata walipotaka kunipokea sikukubali.

Mama mkwe akabebwa mpaka mahameni. Mke wangu akamchotea kwenye kibakuli. Kwa heshima nilisimama mbali, nyuma ya watu, nimegeukia upande, lakini sitasema uongo, jicho moja nililiacha kwake. Akainamisha kichwa kama wanavyofanya wenye ndonya, akanywa kidogo. Akafumba macho. Nikaona uso wote unakunjika, na shemeji naye akaona, maana alihema kama mtu aliyeshindwa kesi. Yule mama hakutema. Alikunywa kile kibakuli mpaka mwisho, akaomba kingine, na hicho cha pili ndicho alichomimina, taratibu, mchanga unakunywa na yeye anautazama unavyokunywa.

Akataka kitambaa. Mke wangu alikuwa amemsimulia. Kikapelekwa, akakigeuza juani, akachovya kidole chake mwenyewe kwenye tone lililobaki, akakigusa. Halafu akasema na kaburi, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwa kuwa na mimi desturi haikumruhusu kusema:

"Pokea. Maji leo nimekunyima. Mmakua wako amenunua."

Mama yangu hakuwahi kufika Newala, na hawa wawili hawakuonana hata siku moja.

Jioni ile kaniki ikavuliwa, na mama mkwe akalala kitandani. Msimu uliofuata hakuukuta. Shemeji alikuja kwangu siku chache baada ya matanga, anakwenda Tandahimba kwenye harusi, akaniomba nimwazime kitambaa. Tuliongea vizuri, nikampa kiti, nikampa asali kwenye chupa ya mvinyo aende nayo. Kitambaa sikumpa. Ninacho mpaka leo, na doa la kidole cha yule mama liko pembeni, nimelifua mara nyingi kwa makusudi, halitoki.