Cheo Kilichokula Ovataimu Yangu

Siku yangu ya kwanza katika shamba la maua, nje kidogo ya Kitengela, niliandikwa pamoja na Nashipae, Mmaasai wa rika langu. Tuliwekwa meza moja ya kugredi, yaani kupima urefu wa mawaridi kwa rula iliyogongomewa mezani, kisha kuyafunga ishirini ishirini. Tulilipwa mshahara mdogo, ovataimu, na bonasi kwa kila bunda lililozidi kiwango cha siku.

Miaka mitatu baadaye meneja alituita ofisini. "Nataka supavaiza mmoja. Nani yuko tayari?"

"Mimi niache na maua," Nashipae akasema. "Hiyo kiti itakula ovataimu yangu."

Nikamcheka, nikakichukua cheo. Nilivaa koti jeupe, nikajiona mtu. Mwisho wa mwezi ndipo nikaelewa. Supavaiza halipwi ovataimu wala bonasi, na nyongeza yangu ilinitoa kwa wale wa chini wasiokatwa kodi, ikanitia kwa wanaokatwa. Nashipae, niliyekuwa nikimhimiza aharakishe mikono, alipeleka nyumbani pesa nyingi kuliko mimi.

Ninyi vijana mkisikia mtu amekataa kupandishwa cheo, msimwite mvivu. Huenda amepiga hesabu.

Wivu ulinishika, sifichi. Februari, msimu wa bonasi, nilimhamishia kwenye meza ya mawaridi yenye miba mingi, ambako mabunda hutoka polepole. Nilimwambia ni amri ya meneja. Alihama siku hiyo hiyo. Asubuhi alinisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya", kama kawaida, nami nikaitikia "Iko" bila kumtazama. Hata hivyo alinunua mbuzi, kisha ng'ombe. Mimi nilinunua viatu vya ofisini.

Faraja yangu ilikuwa penseni, maana ilikuja pamoja na cheo. Tulistaafu mwaka mmoja, tukazeeka. Juzi chifu akawaita wazee waandikishwe kupata pesa za serikali. Nilipofika mbele, karani aliingiza nambari ya kitambulisho changu kwenye kompyuta.

"Mama, wewe uko na penseni. Hii ni ya wale hawana."

Penseni yangu haifikii hata hizo pesa za wazee. Nikageuka, na pale kwenye benchi alikuwa Nashipae, ameshaandikwa.

"Mama Kimani, hiyo penseni ni pesa ngapi kwa mwezi?" akaniuliza.

Nikamtajia kiasi kinachozidi ukweli mara tatu.

Akaivuta shuka yake mabegani. "Nilijua," akasema. "Tangu ile koti nyeupe nimekuwa nikikuonea wivu. Ningekubali tu ile kiti."

Ningeweza kumwambia ukweli, na habari ya ile meza ya miba pia. Sikusema. Nilienda nyumbani nimenyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza nikaona cheo kile kimenilipa.