Jiwe Moja la Fumba

Sikuwa na homa siku ile, wala sikuwa nimesinzia kwenye usukani. Nasema mapema kwa sababu najua utakachotaka kuniuliza. Mimi si mtu wa kusadiki kila ninachosimuliwa. Ufundi wa dizeli nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na kwa vitabu vilivyochanika majalada, na jambo kubwa nililolipata humo ni hili: usibishane na gari, lipime. Kisa hiki nacho nilikipima, kwa vidole vyangu hivi. Kama nisingekipima, ningekaa nacho kimya.

Gari lenyewe ni pikapu ndogo ya dizeli, ya zamani sana, umri wake unakaribia wangu. Haina mbio, na mimi sina haraka. Lakini inaingia katika njia za Mji Mkongwe ambazo lori haliwezi hata kuchungulia, kwa hivyo mafundi wanaotengeneza nyumba kongwe hunitafuta niwapelekee mchanga, chokaa, boriti na mawe. Kubeba mzigo mzito kwa gari dogo kunataka utaratibu. Mawe makubwa unayapanga mbele, karibu na kichwa cha gari, madogo yanafuata nyuma. Kisha, kabla ya kuondoka, unatazama springi. Mimi hulala chini nikatia mkono baina ya ekseli na ule mpira uliofungwa chini ya chasisi. Gari likiwa tupu, kiganja kizima kinapita. Likijaa sawasawa, vinapita vidole vitatu. Kikipita kimoja tu, nashusha mzigo, hata mwenye mzigo anune. Niamini, kwa miaka yote hiyo sijavunja springi.

Kazi ya siku ile ilikuwa ya Bi Rukia, mjane anayekaa peke yake katika nyumba ya ghorofa moja Mji Mkongwe. Pembe ya ukuta wake ilikuwa imefanya tumbo, imeegemezwa magogo, na masika yalikuwa karibu. Fundi alimwambia bila kumficha kwamba mvua kubwa ikiikuta pembe ile katika hali ile, itashuka, na ghorofa itashuka nayo. Wanawe walimwita akakae nao Mtoni. Alikataa.

"Nimeolewa humu, nimezalia humu," aliniambia. "Leo nitolewe na ukuta?"

Fundi alitaka mawe ya matumbawe ya zamani, yaliyokwisha kukauka kabisa. Zaidi ya yote alitaka jiwe moja refu, bapa, la kufungia pembe. Alinionyesha urefu wake kwa mikono miwili. "Bila hilo, hayo mengine ni mapambo," alisema.

Mawe tulipewa na Haji, mwenyeji wa Fumba, ambaye ukoo wake una gofu la nyumba kule vichakani, mbali kidogo na nyumba mpya zinazojengwa kule. "Chukueni mtakacho," alisema. "Hapakai mtu." Yaweke maneno hayo akilini.

Nilikwenda na Makame, hamali wangu. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, Mmakunduchi, na mdomo wake haupumziki hata akiwa na jiwe begani. Tulifika baada ya Alasiri. Kuta zilikuwa zimebaki kimo cha kiuno, mlangoni hapana ubao, lakini baraza ya mawe iliyokuwa mbele ya nyumba ilikuwa nzima, laini, kama watu walikuwa wamekaa hapo jana. Nilisimama kizingitini nikapiga hodi.

Makame alicheka. "Unampigia hodi nani, kaka? Mijusi?"

Nimelelewa hivyo, na sioni sababu ya kuacha. Nyumba ikiwa na kizingiti, unapiga hodi. Nikapiga ya pili.

"Karibuni," ilijibu sauti.

Mzee mmoja alitoka nyuma ya ukuta, kanzu yake imefifia kwa kufuliwa, kofia kichwani, anaburura mguu wa kulia. Akaja akakaa barazani, upande wa kushoto, mguu ule ameunyoosha mbele yake. Je, niliogopa? Hapana, wala usifikiri palikuwa na baridi ya ajabu au harufu ya udi. Nilidhani ni mtu wa ukoo anayepaangalia pale. Makame naye alimwona kama ninavyokuona wewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakutumeni?"

"Haji."

"Mjukuu wangu. Hajambo? Siku nyingi sijamwona." Akatazama gari langu. "Mawe ya nini?"

Nikamweleza habari ya pembe ya Bi Rukia. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wazee wengi hawalifanyi.

"Mjane?"

"Mjane, mzee."

"Chukueni ukuta wa nyuma, wote. Hapa barazani musiguse. Ndipo ninapokaa."

Akainuka, akarudi nyuma ya ukuta alikotokea. Tukapakia. Mawe yalikuwa mazuri, mepesi kwa umbo lake, lakini refu halikuwepo hata moja. Nikalala chini nikapima, vidole vitatu vikapita. Nikazunguka vichakani kutafuta lile refu, sikulipata. Niliporudi, Makame alikuwa keshafunika turubai, amekaa ndani ya gari.

"Twende, kaka. Lile refu limepatikana. Lilikuwa chini ya kifusi."

Nikafurahi, kwa ajili ya Bi Rukia. Tukaondoka.

Hatukwenda mbali. Pale njia inapopanda kidogo, kimlima ambacho mtoto anakipanda kwa baiskeli, gari lilianza kulemewa. Nikashuka gia ya pili, kisha ya kwanza. Moshi mweusi, sindano ya joto inapanda, na usukani umekuwa mwepesi kama vile magurudumu ya mbele yanataka kunyanyuka. Nililiegesha mbele ya banda la Bi Mwanaidi, anayeuza mihogo na chai kando ya barabara, tunajuana kwa kupita. Nikalala chini. Tairi zote zilikuwa nzima. Upande wa kulia, vidole vitatu. Upande wa kushoto, ekseli ilikuwa imeukalia mpira. Hata ukucha haukuingia.

Nikiwa bado chini ya gari nikamsikia Bi Mwanaidi.

"Nyinyi wanaume wazima hamuoni haya? Mzee wa watu mnampakia juu ya mawe kama gunia la mbatata!"

"Mzee gani, bibie?" alijibu Makame. "Mzee hapa ni mimi."

"Wewe ni mzee wa maneno. Nasema huyo aliyekaa pembeni, mwenye kofia. Kiti cha mbele kipo, umekikalia wewe na tumbo lako!"

Nilitoka chini nikatazama. Mawe na turubai. Bi Mwanaidi hakutungoja. Alimimina chai kikombeni, akaenda nayo nyuma ya gari, akainyanyua kwa mikono miwili kama unavyompa mkubwa wako. Akasema jambo kwa sauti ya chini, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akarudi na kikombe kimejaa vilevile.

"Hanywi," alisema. "Anasema hakukusudia safari. Anataka mumrejeshe kwake kabla ya Magharibi."

Nilimgeukia Makame.  Akajikohoza.

"Kaka, lile jiwe refu nimelitoa barazani. Lilikuwa zuri. Nikasema, mzee mwenyewe keshaingia ndani, ataona nini?"

Mwingine angekimbia. Mimi nilitaka kujua. Tuliteremsha mawe yote, tukayapanga kando ya banda, tukaliacha lile refu peke yake, ambalo watu wawili wanalinyanyua bila kuguna. Nikapima. Kushoto, hata ukucha. Tukalivuta jiwe mpaka upande wa kulia. Pikapu ikayumba taratibu kama kitanda mtu anapohamia upande wa pili. Upande wa kushoto ukapanda, wa kulia ukashuka mpaka ukakaa juu ya mpira. Nikapima tena.

"Na pembe ya Bi Rukia?" aliuliza Makame polepole.

Hilo ndilo lililonikalia moyoni. Wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa kusini. Akilini nilimwona Bi Rukia amekaa chini ya ukuta wake na magogo yake, ananingoja mimi. Nikilirudisha jiwe, ninamrudia mikono mitupu. Nikilipeleka, nitakuwa nimemjengea nyumba kwa jiwe ambalo mwenyewe bado amelikalia. Je, wewe ungelala ndani ya nyumba hiyo?

"Panda nyuma," nilimwambia Makame. "Kaa naye. Na umwombe radhi njiani."

"Mimi? Peke yangu?"

"Si ndiwe uliyemwalika?"

Alipanda. Nilirudi Fumba kwa gia ya kwanza na ya pili, dirisha wazi, nikimsikia huko nyuma akizungumza kwa adabu ambayo hata mkewe hajawahi kuisikia.

Tulipofika, jua lilikuwa limeshagusa minazi. Nilirudisha gari kinyumenyume mpaka karibu na baraza, nikafungua mlango wa nyuma wa bodi, nikapiga hodi. Hapakuwa na jibu. Lakini kabla hatujaligusa jiwe, springi zililia, na gari likainuka. Liliinuka taratibu, kama linavyoinuka mtu mzito anaposhuka. Makame alishika ukingo wa bodi kwa mikono miwili.  Tulilibeba jiwe, tukalirudisha mahali pake barazani, tukalikalisha vizuri, na Makame akalipangusa vumbi kwa fulana yake.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Nlidhani jiwe ni jiwe tu."

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta, sauti ileile, haina hasira.

"Mngeniomba ningekwambieni. Tazameni birikani."

Nyuma ya nyumba palikuwa na birika la kale la kuwekea maji, limejaa majani makavu. Tulifukua kwa mikono. Chini yake lilikuwepo jiwe refu, bapa, limepita kile kipimo cha fundi. Tulilipakia, nikapima: lilikuwa na uzito wa jiwe. Adhana ya Magharibi ilitukuta tunaingia barabarani, tukapitia mawe yetu kwa Bi Mwanaidi.

Pembe ilijengwa. Masika yakaja, yakapiga, yakaondoka. Bi Rukia bado anakaa nyumbani kwake, na kila nikipita huniita nikanywe kahawa chini ya ukuta ule.

Nilimwendea Haji kumshukuru, na kumfikishia salamu za mzee wake. Aliniuliza jambo moja tu: "Alikaa upande gani?" Nikamwambia upande wa kushoto, mguu wa kulia ameunyoosha. 

"Ni babu," alisema Haji. "Mguu ule haukukunjika tena tangu alipoanguka mnazi. Mimi mwenyewe nilishuka kaburini kumpokea tulipomzika, nilikuwa kijana." Kisha akasema, kama anajisemea, "Kweli, siku nyingi sijakwenda."

Ijumaa iliyofuata alikwenda kumsomea dua, na tangu hapo hajagawa jiwe lolote pale.

Kwa upande wangu, mambo hayakwisha. Nikipita njia ile baada ya Alasiri na gari tupu, likifika mbele ya banda la Bi Mwanaidi linashuka upande wa kushoto. Linakwenda hivyo mpaka kwenye njia ya kuingilia gofu, hapo linainuka. Nimebadilisha springi. Nimehamisha ya kulia kushoto. Hali ni ileile, na sasa nimeacha kutafuta sababu. Ninapunguza mwendo tu, nakwepa mashimo.

Basi nawe unayebeba mawe, au milango, au chochote kilichotoka katika nyumba ya watu, piga hodi hata kama umeambiwa hapakai mtu. Ukijibiwa, taja unachokitaka, na ulichokatazwa kiache. Na kabla hujatia gia, shuka utazame springi zako, kwa sababu gari halijui kusema uongo.

Juzi nilipita tena pale. Bi Mwanaidi aliacha mihogo yake, akanyanyua mkono kuelekea nyuma ya gari, akasema kwa heshima, "Shikamoo." Mimi na yeye ni wa rika moja. Sikuitikia.