Msiba wa Ovaroli

Nilicheka. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimelikana jambo hili mbele ya ndugu zangu. Kila Krismasi kaka yangu Deo hunichokoza, "Wewe si ndiye uliyecheka siku baba alipopunguzwa kazini?" nami hujibu kwamba nililia, tena machozi ya kulowesha kola. Chuo kikuu niliandika hata insha kuhusu mageuzi ya uchumi, nikajiweka humo nikilia aya mbili nzima. Mwalimu alinipa alama nzuri. Leo nakiri: nilicheka, tena kwa sauti.

Wa rika langu mliokulia Morogoro mtaikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tulizoea foleni ya sukari na sabuni ya mche, mara maduka yakajaa sabuni za kunukia, na mitumba ikaleta makoti ya nchi za barafu, tukayavaa juani kwa majivuno. Sisi wa Mji Mpya tulicheza rede barabarani mpaka mama zetu wapige kelele. Shangazi akishuka kutoka Mgeta na tenga la njegere na fyulisi, nyumba nzima ilinuka ukungu wa mlimani. Saa hatukuwa nayo. Tulikuwa na king'ora cha kiwanda alichofanyia kazi baba. Kikilia mara ya kwanza, tunaamka. Kikilia mchana, mama anaepua maharage. Kiliponyamaza, tulichelewa shule wiki nzima.

Siku majina ya waliopunguzwa yalipobandikwa getini, nilirudi kutoka shule nikakuta uani kwetu pamejaa watu. Nikajua tumefiwa. Katikati ya mkeka ililazwa ovaroli ya bluu ya baba, chali, imefunikwa shuka mpaka kifuani, mikono imekunjwa. Kando yake jirani yetu Mzee Maganga, Mnyamwezi ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ileile, alikuwa akigaragara vumbini.

Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani. Mmoja akifiwa, mwenzake haji kulia. Huja kumwigiza marehemu, kuvaa nguo zake na kuukashifu ukoo mzima, na ni mwiko kumkasirikia. Ila hakuna aliyewahi kuona utani ukifanywa kwa kazi iliyokufa.

"Uwiii, ovaroli wetu!" aliomboleza. "Waluguru wamekuua! Mwaka mzima hawajakufua! Nilisema mimi, hawa wapewe jembe na kabichi, mashine wataiweza wapi!"

"Funga domo, Mnyamwezi!" mama alimjibu. "Ya kwako inaoza nyumbani, hata wa kuizika huna!"

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso mkavu. Ndipo Mzee Maganga akainua mkono wa marehemu, akajifutia machozi, kisha akaupengea kamasi.

Kicheko kilinitoka kabla sijakishika. Baba alinitazama, akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Hakulizungumza kamwe. Wiki iliyofuata alipanda Mgeta kulima kabichi, nami nikaamini kwamba ni mimi niliyemfukuza. Tangu hapo, kila nilipoikumbuka siku ile, nilijikumbuka nikilia.

Wanangu nikiwasimulia miaka ile hunipa pole. "Pole mama, mlipitia magumu." Pole ya nini? Siitaki. Kwao furaha na huzuni ni vikaragosi viwili kwenye simu, unabonyeza kimoja. Misiba yao ina sare, ratiba na mshereheshaji, na mtani akifungua mdomo anaambiwa asubiri kwanza watu wapige picha. Kwetu vyote viwili vilikaa mkeka mmoja na havikubanana. Huzuni ilikuwa kuachwa peke yako na jambo lako. Furaha ilikuwa mtu kuja kugaragara nalo vumbini pamoja nawe. Jambo lenyewe lilikuwa lilelile.

Hayo nilikuwa nayajua kichwani. Moyo ulikuwa bado umesimama mbele ya ule mlango, mpaka Jumanne iliyopita baba aliponipigia simu, amesimama kwenye mwamba nyuma ya shamba lake, mahali pekee anapopata mtandao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Maganga amekufa." Akavuta pumzi. "Mtani wangu amekufa na magoti haya hayashuki tena mlima. Nenda wewe ukamcheke kwa niaba yangu."

"Mimi, baba? Mimi siwezi. Tangu siku ile nilipokucheka, ukaingia ndani..."

"Uliponicheka?" Upepo wa mlimani ulivuma kwenye simu. "Mwanangu, niliingia ndani kucheka. Wewe ndiye uliyeniponza. Ningecheka pale uani, yule Mnyamwezi angenitambia mpaka anaingia kaburini. Nilijibana na mto usoni nusura nife mimi."

Nilimsikia akikohoa, au akicheka, au vyote.

"Deo anashuka leo na ile ovaroli yangu," akasema. "Uivae. Na usije ukalia huko ukaniaibisha."