Matubwitubwi ya Kaka Fausti

“Asibebe hilo gunia, mama Fausti! Shingo yake huioni?”

“Naiona, mama. Na kwenye chama cha ushirika wanafunga kupokea kahawa saa nne. Nibebe mimi?”

“Beba wewe, au liache lioze. Kijana aliyekwisha kuvunja sauti, matubwitubwi yakimkuta na mzigo yanamshuka chini. Na huko chini hakuna mti wa kuyatundika.”

“Hayo mambo ya zamani, mama.”

“Haya. Utakuja kuniambia.”

Kaka Fausti alisimama katikati ya mama na bibi, mashavu yamevimba kama ametia ndizi kila upande. Alicheka kidogo, maana kucheka kulimuuma, akajitwika gunia akateremka. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimekaa mlangoni pa jiko, na nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Matubwitubwi yale yalikuwa yangu.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kibosho, aliyevimba mashavu alifungwa shingoni ukanda wa gome kavu la mgomba. Akipata nafuu, aliamka asubuhi, akaenda peke yake hadi kwenye mti wa mringaringa ulio mwisho wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, akautundika ule ukanda, akasema, “Nimekuachia,” akarudi bila kugeuka. Ukigeuka, yanakufuata. Mringaringa wetu niliuogopa hata mchana. Nilipopona mimi, nilifika nusu ya njia, kitu kikakwaruza kwenye majani, nikakimbia. Ukanda nikauficha kwenye banda la mbuzi na nyumbani nikasema nimeutundika. Kesho yake kaka akauokota, akafungia mzigo wa majani ya ng’ombe. Haikupita wiki tatu, akavimba.

Siku chache baada ya lile gunia, kaka alilala na homa kali, miguu ameitanua, hataki mama aingie. Bibi ndiye aliyeingia, na kitambaa cha maji baridi. Alipotoka alimwambia mama kwa Kichagga, kwa sauti ya chini, “Zote mbili.” Mama aliendelea kupepeta mahindi.

Kaka alipona. Alinenepa, akaota ndevu, sauti yake ikawa nzito kuliko ya baba. Jambo lile halikutajwa tena. Bibi alifariki nikiwa darasa la sita, akaondoka na maneno yake.

Kidato cha pili mwalimu wa baiolojia alichora ubaoni viungo vya uzazi vya mwanamume. Wasichana wenzangu waliinamisha vichwa na kukanyagana miguu chini ya madawati. Mimi nilinakili kila mstari. Korodani mbili, zinakaa nje ya mwili ndani ya mfuko wake kwa sababu kazi yao inahitaji ubaridi. Ndani yake kuna vijirija vyembamba kama uzi wa kushonea, na humo ndimo mbegu zinamotengenezwa. Zinakomaa katika mrija uliojikunja kwa nyuma, kisha zinapanda na kuchanganyika na maji ya tezi. Niliuliza kuhusu matubwitubwi. Mwalimu aliniangalia kidogo, akajibu vizuri. Alisema ugonjwa huo ukimkuta mvulana aliyebalehe unaweza kuingia kwenye korodani. Ganda linalozizunguka ni gumu, halitanuki, basi uvimbe unavibana vile vijirija. Wengi hupona. Wachache, hasa zikivimba zote mbili, mbegu zinakwisha. Lakini ndevu zinabaki, nguvu zinabaki, hata maji yanabaki, kwa hiyo hakuna anayemshuku.

“Na akibeba mzigo?” nikauliza.

“Mzigo hauhusiki. Ugonjwa unashuka hata akiwa amelala kitandani.”

Mwaka ule bei ya kahawa ilianguka, nikaambiwa nibaki nyumbani. Daftari lile ndilo nililorudi nalo.

Wifi Leokadia aliolewa kwetu mwaka uliofuata. Mama alimpenda. Alianza kuweka samli kwenye kibuyu, ya kumpikia mtori atakapojifungua. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, samli ikachacha. Mama akaimwaga chini ya migomba, na tangu siku hiyo akaanza kuchemsha mizizi. Kila asubuhi wifi alikunywa bakuli zima kabla ya kula kitu, na mama alisimama mbele yake mpaka ameze. Ilikuwa chungu hata kuinusa. Mwaka wa tatu yakaanza maneno ya kumrudisha kwao.

Nilimkuta mama anamenya ndizi, nikamwambia, “Mama, si wifi. Kumbuka yale matubwitubwi.”

Kisu kilisimama. “Unataka kusema mimi nilimharibu mwanangu kwa gunia la kahawa?”

“Gunia halikufanya kitu, mama. Si kosa lako. Kuna kipimo, kaka akienda hospitali—”

“Msichana gani huyu anayetaja sehemu za kaka yake? Kama shule ilikufundisha hayo, afadhali ulitoka.”

Nilikuwa nimemletea habari ya kumtua mzigo, naye hakuweza kuipokea, kwa sababu ilimbidi kwanza akubali kwamba mwanawe hana mbegu. Sasa nina miaka kumi na tisa, na bado sijui kama nilisema mapema mno au nilichelewa. Ukanda haukumwambukiza kaka. Tulikuwa tunakunywa maji kwa kata moja, basi. Bibi alikosea sababu lakini hakukosea mwisho, na mimi niliyejua sababu sikumsaidia mtu yeyote. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kaka alikuwa anajua. Wifi aliniambia usiku wake wa mwisho kwetu, tukiosha vyombo: walikwenda wote wawili mjini, Moshi, majibu akapewa kaka mkononi, naye akamwomba mkewe asimwambie mtu.

“Na wewe umenyamaza?” nikamuuliza.

“Alilia, wifi. Sijawahi kumwona mwanamume akilia vile.”

Asubuhi alifunga kanga zake. Kaka alikuwa nyuma ya zizi, panga lake linasikika likikata majani yaliyokwisha kukatwa. Mama alikuwa jikoni, na mkono wake, kwa mazoea tu, ulikuwa umeshika lile bakuli. Wifi Leokadia akasimama mlangoni na mzigo wake, akamwamkia kama siku zote, kisha akasema, “Mwingine akija, mama, msimnyweshe dawa. Hatakuwa mgonjwa.”